Siku Punda Aliponipeleka kwa Mama Mkwe

Hii stori hainijengi, nakwambia mapema. Ukiimaliza utaniona bwege, na sina cha kukufanya. Ila bora niisimulie mwenyewe, maana pale Ifakara kuna watu wanaisimulia vibaya kuliko mimi. Kuna mmoja kijiweni anaapa kwamba sikuwa na nguo. Nguo nilikuwa nazo. Suruali, fulana, mpaka soksi. Bwege nimekubali, lakini bwege mwenye soksi.

Mimi ni bodaboda. Shule nimeishia la saba, na hata hiyo la saba nadhani mwalimu alichoka tu kuniona. Mdomo ndio uliobaki kunilisha. Wenzangu stendi wanagombania abiria kwa kuwashika mikono, mimi nawachekesha, wanakuja wenyewe.

Mwaka ule, mpunga ulipokwisha kuvunwa, nyumbani walipeleka posa. Binti mwenyewe anauza mchele sokoni na mama yake, na mimi nilikuwa namtaka kiasi kwamba nilinunua mchele wakati kwetu ndani magunia yamejaa. Baba yake alikubali siku ileile. Akasema, "Mimi sina neno, msikilizieni mama yenu." Basi tukaanza kumsikilizia mama yetu. Mama yetu kimya.

Na mama mkwe kwetu si mtu wa kumfuata ukamuuliza vipi. Mama mkwe anakwepwa. Ukimwona anakuja njia hii, unaingia njia ile, hata kama ni kwenye matope. Ukibanwa kabisa, unainama, "shikamoo mama," macho kwenye vidole vya miguu yako mwenyewe. Mimi nilikuwa bado sijawa mkwe kamili, lakini mazoezi nilishaanza. Siku moja niliacha abiria na pikipiki katikati ya barabara nikajificha nyuma ya kibanda cha chipsi kwa sababu nilimwona anavuka.

Binti ndiye aliyeniletea habari kwa simu. "Mama anasema hujatulia."

"Kivipi sijatulia?"

"Anasema una kelele tu, hana anachokiona cha kushika."

Hilo lilinikaa. Nikasema lazima nionekane na mpango, kitu nje ya pikipiki ya tajiri. Na mpango nikaupata kwenye simu. Nilikuwa naangalia video, watu wako ufukweni baharini, wamepanda farasi, wanatembea taratibu pembeni ya maji, nywele zinapepea, kila mtu anatabasamu. Nikajisemea, sisi hatuna bahari, lakini mchanga tunao.

Maana mto ukipungua unaacha mchanga mpana, mweupe, mgumu pale karibu na maji na laini huku juu. Jumapili watu wakitoka kanisani wanashuka huko. Wengine wanafua, vijana wanacheza mpira, wavuvi wako na vichanja vyao wanaanika perege na kushona nyavu, watoto wako kwenye maji mafupi ambako mamba hawafiki, au tumekubaliana kuamini hawafiki. Chini kidogo, mto unapokata kona, kuna matete, na nyuma ya matete ni pa akina mama kuogea. Pale mwanaume hapiti hivihivi. Unasimama mbali, unapiga hodi, unangoja wakwambie pita. Mto huo wewe huna hati, mimi sina hati, ila kila mtu anajua pake.

Farasi Ifakara hakuna. Punda wapo. Jirani yangu mzee wa Kisukuma anao, wanambebea mpunga kutoka mashambani. Nikamwendea na shikamoo ndefu kuliko kawaida.

"Unataka punda wa nini?" akaniuliza. "Huna shamba."

"Nataka kupandisha watoto mtoni, mzee. Wanatembezwa kidogo, wanapigwa picha, basi."

Mzee akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua. Akasema punda wake wanajua magunia, watu hawawajui. Lakini hakukataa. Akanichagulia mmoja mpole, akanieleza: nimpe maji kwanza kabla ya kazi. Nipite pembeni ya maji palipo pagumu, nisipite katikati ya watu. Palipo na watu wengi tutembee hatua ya mgonjwa. Mtu asisimame nyuma yake. Na mimi nitembee mbele, nimshike kamba.

"Akikuona mbele ametulia," akasema. "Nyuma ni kwa kusukumia."

Nikaitikia yote. Na nisikudanganye, nilifanya yote. Hapo ndipo roho inaponiuma. Wengine wakiambiwa punda aliniumbua wanadhani nilikwenda kihuni. Sikwenda kihuni. Nilishona tandiko kwa gunia la pumba za mpunga, nikalifunga kwa kamba za katani, na kwenye kamba nikatengeneza vitanzi viwili vya kuwekea miguu, kama nilivyoona kwenye video. Nilibeba mfuko wa kuokotea kinyesi. Nilikwenda kwa wavuvi kabla ya kumleta punda, nikawaomba njia.

Mvuvi mmoja mkubwa, mwenye sauti ya kipaza sauti, akaniambia, "Pita huko chini kwenye maji. Akinikanyagia nyavu, leo mboga yetu ni punda."

"Nyama ya punda ngumu, mjomba."

"Basi tutaanza na wewe."

Jumapili hiyo asubuhi ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Watoto walipanga foleni. Namweka mmoja juu, mama yake anashika mguu upande huu, mimi nashika kamba mbele, tunakwenda pembeni ya maji mpaka kwenye mtumbwi uliopinduliwa, tunarudi. Punda anatembea kama padri. Akijisaidia, naokota. Bibi mmoja akanisifu hadharani, akasema hajawahi kuona kijana anaokota mavi kwa furaha vile. Nilitamani mama mkwe awepo aone. Sikujua kwamba yupo. Alikuwa huko chini, nyuma ya matete, anaoga na wenzake baada ya kufua, na mjukuu wake amemkalisha kwenye beseni mchangani, mtoto ambaye ndio kwanza amejua kukaa.

Mchana watoto wakapungua. Mwenzangu wa kijiweni, ambaye ndiye alikuwa anapiga picha kwa simu yake, akasema, "Sasa panda wewe. Nikurekodi umtumie shemeji. Aone mpango."

Ndiyo, nilipanda. Mguu kwenye kitanzi, mguu kwenye kitanzi. Nikakaa vizuri, nikavuta pumzi, nikamwambia punda twende. Punda akasimama. Nikampapasa shingo. Kasimama. Kamba ninayo mkononi, lakini mbele hakuna mtu, na yeye asubuhi yote alikuwa anafuata mgongo wangu. Ule mgongo sasa uko juu yake. Atafuata nini?

"Ngoja nikusaidie," mwenzangu akasema. Akaenda nyuma akampiga kofi la matako.

Sasa nikueleze kitu ambacho siku ile mtu mmoja tu alikuwa anakijua, na alikuwa nyumbani kwake amelala. Punda wa bonde letu anafundishwa kwa nyuma. Mwenye punda anatembea nyuma na fimbo, na punda akisikia mtu nyuma, vishindo na kelele, kwake maana yake ni moja: ongeza mwendo. Kusimamishwa hajafundishwa. Anasimama pale mtu wa nyuma anapochoka.

Akaanza kutembea. Mwenzangu akafuata nyuma na simu, anarekodi. Punda akasikia vishindo, akaongeza. Mwenzangu akaongeza ili nisitoke kwenye picha. Punda akaanza kukimbia.

Mimi ni dereva. Mikono yangu ikafanya ilichozoea. Mkono wa kulia ukakamata breki. Breki hakuna, nimekamata manyoya. Mguu ukakanyaga breki ya nyuma, nikampiga punda ubavuni, akaelewa anavyoelewa yeye. Nikavuta kamba kwa nguvu zote, akageuza shingo akaniangalia, huku miguu inakwenda mbele. Nilikuwa sijawahi kuangaliwa usoni na chombo ninachokiendesha.

"Acha kunifuata!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Usinifuate! Nyuma yangu toka!"

Watu mchangani wakaangua kicheko. Nikasikia mtu anasema, "Huyu jamaa ana vituko, njooni muone." Vijana wa mpira wakaacha mpira, wakaja mbio. Wamekuja wapi? Nyuma. Wengine wanacheka, wengine wanataka kweli kumkamata punda, na wote wako nyuma. Kila anayetaka kuniokoa ananisukuma.

"Jamani, sitanii!"

Wakacheka zaidi. Hapo ndipo nilipoishiwa. Miaka yote mtu akinisikia nasema sitanii anajua utani ndio unaanza. Sasa nimepanda punda asiye na breki, nalia msaada wa kweli, na mji mzima unanishangilia.

Tukafika kwa wavuvi. Punda, Mungu ambariki, alikwepa nyavu, lakini alipita karibu na kichanja, kikayumba, samaki wachache wakaanguka. Yule mvuvi mkubwa akainuka na kasia. Nikadhani huyu sasa anasimama mbele. Akangoja tupite, ndipo akatufukuzia kwa nyuma. "Nilikwambia! Nilikwambia!" Sauti ile nyuma ya punda ilikuwa kama kuongeza gia.

Na mbele naona matete.

Nikajua tunakokwenda. Punda hakujua, yeye alikuwa anakwenda tu mbele ya kelele. Nikafikiria kuruka. Nikatoa mguu wa kushoto kwenye kitanzi, ukatoka. Wa kulia haukutoka. Kamba ya katani ililowa maji asubuhi, ikajikaza kwenye kiatu. Nikiruka nitaburutwa. Basi nikabaki nimening'inia upande mmoja kama gunia lililofungwa vibaya, nikafanya kitu pekee cha adabu kilichobaki.

"Hodi!" nikapaza sauti. "Hodi mtoniii!"

Kutoka nyuma ya matete sauti ya mama mmoja, wala haina wasiwasi, "Subiri kwanza!"

"Siwezi kusubiri!"

"Subiri wewe, watu wanaoga!"

"Mama zangu, siwezi! Tokeni! Punda!"

Kukawa na kicheko kule ndani. Mmoja akasema, "Si yule bodaboda wa stendi? Mjinga kweli. Subiri bwana!"

Tukaingia.

Macho nilifumba. Hilo naomba liandikwe. Nilifumba, halafu nikafikiria kwamba nikifumba simwoni nitakayemkanyaga, nikafumbua. Kelele nilizozisikia sitaki kuzikumbuka. Wengine walizama mpaka shingoni, wengine wamenyakua kanga, kipande cha sabuni kikanipata sikioni. Wenye hasira wakatoka wakamchapa punda kwa nguo mbichi. Wakamchapa wapi? Nyuma.

Ndipo nikaliona beseni.

Lilikuwa mbele yetu palepale, beseni la bluu, na mtoto ndani yake anapiga maji kwa kiganja. Hakuna mtu karibu naye, wote wamekimbilia mtoni au wako nyuma yangu. Nikavuta kamba mpaka ikanichana mkono. Nikampiga punda shingoni, nikamuomba, nikamwita baba. Nilijaribu kuangukia upande ule ili niangukie mimi kabla ya kwato, na mguu ukakataa. Sijui nieleze vipi. Unaona kabisa kitakachotokea, una mikono, una akili, na hakuna hata kimoja kinachofika chini. Mtoto akaniangalia. Akafurahi kuona punda.

Kutoka majini akainuka mama mmoja. Kanga moja tu, imemganda mwilini, inachuruzika. Wenzake wote wanapiga kelele, yeye hakupiga. Hakukimbia nyuma ya punda. Alikuja akasimama kati ya beseni na sisi, akafungua mikono yote miwili, akabaki hapo.

Punda akasimama.

Mimi sikusimama. Nilipita juu ya shingo, kiatu kikabaki kwenye kitanzi, nikatua kifudifudi kwenye mchanga, miguuni pake. Nilipoinua uso ndipo nikamjua. Mama mkwe. Yule ambaye nilikuwa naacha abiria barabarani nisikutane naye macho. Ananitazama usoni, na mimi namtazama, yeye na kanga yake mbichi na mimi na soksi moja.

Hata wale wa nyuma waliishiwa mbio. Akanitazama muda ambao sikuupenda. Kisha akageuka, akamtoa mtoto kwenye beseni, akampakata, akaondoka zake kupitia kwenye matete.

Jirani yangu aliletwa na mtoto aliyetumwa kumwita. Akafika anapiga miayo. Hakugusa kamba. Alipita mbele ya punda, akampa mgongo, akaanza kutembea, na yule punda akamfuata mpole kama asubuhi. Mzee akaniambia tu, bila kugeuka, "Wote walikuwa nyuma?"

"Wote, mzee."

"Basi hukuwa na namna."

Hayo ndiyo maneno pekee ya huruma niliyoyapata wiki ile.

Video ilizunguka kwenye simu za watu mpaka Mlimba. Abiria walinipanda ili wanionyeshe mimi mwenyewe. Binti hapokei simu. Nikituma ujumbe, kimya. Mwisho baba mdogo, ambaye ndiye aliyepeleka posa, akasema hili halimalizwi kwa simu. Tukanunua doti ya kanga, tukaenda.

Nilimkuta mama mkwe ameshakaa, uso ameugeuzia ukutani kama inavyotakiwa. Mimi nikakaa karibu na mlango, nimeinama. Maneno yote yakawa yanapita kwa baba mdogo.

"Mama," baba mdogo akasema, "tumekuja kuomba radhi. Kijana ameona yasiyofaa kuonwa. Hii kanga ni ya kufunika aibu."

"Kanga nimepokea," akasema kwa ukuta. "Lakini mwambie sikukasirika kuonwa. Mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimeonwa na wakunga. Kuonwa kunapita."

"Na punda, mama, kwa kweli…"

"Punda simlaumu. Punda aliniona akasimama." Akaiweka ile kanga kando. "Muulize kijana wako jambo moja. Anakuja na punda, mjukuu wangu yuko mbele, mimi namtazama usoni. Alikuwa anacheka. Meno yote nje. Muulize alikuwa anacheka nini."

Baba mdogo akanigeukia. Mimi nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui kwamba nilicheka. Ndani yangu nilikuwa nalia kama mtoto, nilikuwa nimeshazika watu. Nikafungua mdomo nieleze kwamba hiyo ndiyo sura inayokuja nikiogopa, kwamba shuleni nilichapwa mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu akidhani namdharau, kwamba msibani kwa baba yangu walinitoa nje. Nikasikia maneno yanatoka yamevaa ule utani wangu wa stendi, sauti ileile, hata mwenyewe nisingeyaamini. Nikanyamaza katikati.

"Hana la kusema," baba mdogo akamwambia, kwa upole.

"Posa yenu nimeiweka," mama akasema. "Sijairudisha. Ila sijaikubali. Nitaiweka mpaka nijue."

Tukainuka. Baba mdogo akatangulia kutoka. Mimi nikawa navaa viatu mlangoni, vidole vinakataa kuingia. Nikasikia kiti kinasogea. Kinyume na desturi, kinyume na mafundisho yote, mama mkwe alikuwa amegeuka, ananitazama moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza akasema na mimi mwenyewe.

"Kijana," akasema, bila hasira yoyote, "hapo ulipo unacheka au unalia? Niambie, maana binti yangu ndiye atakayekaa na hiyo sura."